Dirisha la Mwalimu Pamba

Shuleni kwetu tulimwita Mwalimu Pamba kwa sababu hakushika fimbo kabisa. Alituudhi! Darasa lake lilikuwa na kelele kama soko, na sisi walimu wenzake tulimwona anajifanya malaika ili tuonekane wabaya. Kiti chake kikatolewa chumba cha walimu kikawekwa varandani. Hakulalamika. Akawa anakunywa chai huko peke yake, madaftari mapajani.

"Kaka, chapa hata mmoja tu yaishe," nilimwambia siku moja, nimeshachoka naye.

"Siwezi, dada yangu," akajibu, akaendelea kusahihisha.

Jana aliumwa, nikapewa darasa lake. Niliingia nimekunja uso, natafuta wa kuanza naye. Joto lilikuwa kali, nikainua mkono ghafla juu ya vichwa vya watoto wa dawati la mbele ili nisukume dirisha.

Hakuna aliyekwepa. Hakuna hata aliyefumba macho. Binti mdogo kuliko wote aliutazama mkono wangu ukiwa juu yake, akasema, "Hilo gumu, Mwalimu. Tukusaidie?"

Nikabaki nimesimama, mkono hewani. Miaka yote ya ualimu sikuwahi kuona nyuso za watoto zimetulia hivyo chini ya mkono wa mtu mzima.

Kipindi kilipoisha nikarudi darasani kwangu. Kimya, nidhamu tupu. Nikainua mkono kufungua dirisha.

Dawati zima la mbele likajikinga vichwa.