Nondo Aomba Kurudi Darasani

Kazini walimwita Nondo, kwanza kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba, na pili kwa sababu akishika hoja hapindiki. Alikuwa mhandisi wa ujenzi. Alikuwa na shahada yake, kofia yake ngumu na meza karibu na dirisha, katika kampuni iliyosanifu madaraja madogo na makalvati. Kwa ufupi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumhurumia. Ndiyo maana aliposema anaomba kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, wenzake walidhani anawatania.

"Umegombana na nani?" aliuliza mchora ramani aliyekaa naye ofisi moja.

"Sijagombana na mtu."

"Basi nenda kapime malaria."

Chanzo chake kilikuwa uvivu tu. Hesabu za vyuma vya kila daraja walizipiga kwa mkono, mstari kwa mstari, na yeye zilimchosha. Akajifunza mwenyewe, video hii na kitabu kile, mpaka akaandika programu ya kumfanyia kazi hiyo. Siku moja aliipa daraja refu kuliko yote. Ikazunguka tangu asubuhi, watu wakaenda kula wakarudi, kimya. Akabadilisha mpangilio wa hatua zake, hatua zilezile, akaiwasha upya. Jibu likatoka kabla hajavuta kiti. Wenzake walifurahi wakaendelea na kazi. Yeye alibaki ameganda palepale. Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho? Alimuuliza kila aliyedhani anajua, na hakuna aliyemjibu akatosheka.

Mwaka wa kwanza aliomba vyuo vingi, na vyote vikamkataa kwa adabu. Matangazo yao yalisema wanataka mtu aliyesoma kompyuta "au fani inayokaribiana nayo", na inaelekea zege halikuwa karibu vya kutosha. Hakulia. Alijiandikisha masomo mawili ya jioni katika chuo cha jirani, akakaa na vijana waliotoka sekondari juzi, ambao walimwamkia "shikamoo shangazi" kisha wakamwomba awaazime kikokotoo. Jaribio la kwanza la hesabu alianguka vibaya. La mwisho alifaulu.

Mwaka uliofuata aliomba tena. Alihitaji watu wa kumwandikia barua za kumpendekeza, na mmoja lazima awe bosi wake. Bosi alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kwa ncha ya tai kila anapotaka kusema jambo gumu. Aliomba kwanza asome maelezo ambayo Nondo aliwaandikia wale wa vyuo. Akasoma taratibu, kisha akavua miwani.

"Hapa umeandika kwamba kazi yako ya sasa haina changamoto."

"Ni namna ya kuandika tu, bosi."

"Lile daraja la kule shuleni, tulipochimba tukakuta tope tupu, tukasanifu msingi upya na upya. Lile nalo halikuwa na changamoto?"

Nondo akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa bosi.

"Ulilia siku ile saiti. Nilikuona. Nikajifanya naangalia simu."

"Sikujua kama uliniona."

"Barua nitakuandikia, tena nzuri. Lakini hii yako imeandikwa na mtu anayekimbia. Watu wa vyuo wanakuuliza unakwenda wapi, wewe unawaeleza unakotoka kunanuka vipi." Akarudisha miwani usoni, akavuta faili jingine.

Nondo alitoka mle ofisini amenuna, na alikaa na kinyongo chake siku nzima. Kesho yake aliyasoma tena maelezo yale akaona haya. Yalikuwa na sentensi iliyosema alipenda kompyuta tangu utotoni, ilhali kwao haikuwepo, na ya kwanza kuigusa aliikuta chuoni. Akafuta karibu yote. Akaandika kuhusu programu yake, daraja refu, na swali ambalo hakuwa na jibu lake. Yakawa mafupi kuliko walivyotaka. Akayatuma hivyohivyo.

Nondo alimwambia mama yake Jumapili, wakikunja nguo.

"Watu wanakitafuta cheo cha uhandisi kwa tochi," mama alisema, "wewe unakitupa?"

"Sikitupi, mama. Naongeza."

"Unaongeza kwa kurudi darasani na watoto?"

"Ndiyo. Kuna swali la ile programu yangu, bado sina jibu lake."

Mama alikung'uta shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Haya. Shika pembe hiyo."

Chuo kimoja tu kilimwita kwenye usaili, kwa video. Walimu wawili walitokea kwenye kioo, mwanamume aliyeandika muda wote na mwanamke aliyeuliza maswali yote.

"Jaribio lako la kwanza la hesabu ulianguka," alisema yule mwanamke. "Ilikuwaje?"

"Nilijibu kama mhandisi. Nilitafuta jibu la kukaribia, nikaongeza kidogo juu yake kwa usalama. Kumbe wao walitaka nithibitishe."

Mwalimu alicheka, na mwenzake kwa mara ya kwanza akainua kichwa.

"Na sasa?"

"Sasa naweza kuthibitisha vitu vidogo. Vikubwa bado."

Walimuuliza pia ile programu yake ilikwama kwa nini. Alieleza alichojifunza jioni zile, kwamba ilikuwa ikirudia kuhesabu vipande ambavyo ilishavihesabu. Alipofika pale asipopajua, alisema hapajui.

Majibu yalikuja kwa kuachana. Chuo alichokitamani kuliko vyote kilimkataa. Vingine navyo vikakataa. Kile cha usaili kilimkubali kwa sharti: mwaka wa kwanza asome masomo ya msingi pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza, na akishindwa, safari iishie hapo. Mchora ramani alisema huko ni kudharauliwa. Nondo alilifikiria jambo hilo, akaona si dharau, ni kipimo cha udongo kabla ya kujenga. Akakubali.

Mwezi wa mwisho kazini aliutumia kumfundisha mchora ramani ile programu, wakigombana kila siku. Bosi alimpa mkono mlangoni, akamwambia akichoka arudi, ila asirudi haraka.

Darasani alikaa safu ya mbele, kwa sababu macho yake hayakuwa kama ya wale vijana. Muhula wa kwanza ulimtoa jasho. Somo moja alilipita kwa kuponea chupuchupu, mengine vizuri, na moja, lile la kupima kwa nini njia moja huwahi na nyingine huchelewa, alilishika kiasi kwamba wenzake walianza kumfuata awaeleweshe. Alimpigia mama yake kumweleza matokeo.

"Kwa hiyo umefaulu?" mama aliuliza.

"Nimefaulu."

"Na lile swali lako?"

"Nimelijibu, mama. Sasa nina mengine."

"Mungu wangu," alisema mama, akaanza kumweleza habari za jirani.