Mluzi wa Kinanda

Wapiga dawa wa shamba la kabichi husemezana kwa mluzi, kwa sababu barakoa ni za kuahidiwa tu na anayeongea humeza dawa. Mluzi mmoja mrefu: nimemaliza mstari. Miwili mifupi: usije huku, dawa bado mbichi.

Hodari wao aliitwa Kinanda. Alikohoa wiki nzima, kisha siku moja hakurudi nyumbani. Msimamizi alimfuata mkewe kwenye banda la kuchambulia kabichi.

"Shemeji, jamaa kaingia mitini. Atakuwa kapata mwingine."

Mwanamke aliendelea kung'oa majani yaliyooza. Viatu vya mumewe vilikuwa bado mlangoni mwa stoo ya dawa, na hakuna mwanaume anayemkimbilia mwanamke mwingine pekupeku.

Baadaye panzi wakavamia shamba, wakipiga mluzi wa Kinanda, ule uliokwaruza katikati kwa sababu ya pengo lake la meno. Wapiga dawa waliwajibu kwa mazoea. Mmoja alisema mwishoni wanakosea kidogo, wenzake wakakubali, kazi ikaendelea.

Mwanamke ndiye aliyeona kwamba kabichi haziliwi. Panzi walizipita mbichi vile vile, wakatua nyuma ya stoo ya dawa, kwenye shimo la takataka lililofukiwa karibuni. Aliwatazama wakifukua udongo na kula, kisha akaenda kwa msimamizi.

"Mume wangu mmemfukia nyuma ya stoo."

"Panzi anakula majani, shemeji."

"Akikuta kilichokufa huonja. Wale panya wa stoo waliokufa kwa sumu walimalizwa na nani, si panzi?"

Msimamizi alikiri kwamba la panya ni kweli. Akasema tajiri hapendi maneno wakati wa mavuno, na kwamba chumba anacholala shemeji na wanawe ni cha shamba. Kisha akaagiza shimo lipulizwe dawa. Kwa kuwa mpiga dawa mmoja alipungua, akamvika mwanamke bomba la kupulizia. Mkanda ulikuwa bado na kipimo cha bega la mumewe, naye hakuufupisha.

Alipuliza akielekea shimoni huku analia. Wenzake walisema ni dawa, mgeni humwingia machoni.

Mwisho wa mstari alipiga mluzi mmoja mrefu. Kutoka shimoni akajibiwa miwili mifupi.

Alisimama. Msimamizi akamwonyesha kwa kidole mstari unaofuata. Aliuingia, na kabla hajafika katikati akakohoa.