Kofia ya Kapteni Haverlock

Jumanne asubuhi, meli ya kivita imefungwa gatini Plymouth na manyunyu yanaanguka, Morwenna Tregear alipiga pasi kola yake ya buluu mara mbili.

"Usitetemeke, shoga," alisema Kerensa, mwenzake wa kitanda cha juu. "Mayai akiona mtu anatetemeka ndiyo anapata hamu."

Mayai alikuwa Kapteni Haverlock. Nakshi ya dhahabu iliyo kwenye ukingo wa kofia za wakubwa, mabaharia huiita mayai ya kuvuruga. Haverlock walimpa jina hilo yeye mzima, maana chini ya kofia hawakuona kingine cha kutaja. Nanga ndogo begani kwa Morwenna waliiita ndoana. Ndiyo cheo chake, aliisotea miaka sita, na leo aliitwa kunyang'anywa.

Kamba ya gatini ilikuwa imekatika na kumvunja baharia mguu. Morwenna, aliyeisimamia, alipiga kelele mara mbili kwamba imekaza mno. Haverlock aliamuru injini zisizimwe, kwa sababu mke wa admirali alikuwa anatazama.

Kwenye meza ya kapteni ya kesi, Oddie, msimamizi wa nidhamu, alifoka kama ilivyo desturi: "Vua kofia!"

Anayevua ni mshtakiwa. Wakubwa hubaki nazo. Morwenna aliinua mkono, lakini kofia ya Haverlock ilimtangulia. Ilijivua, ikavuka meza, ikatua kando ya viatu vya Morwenna.

Oddie akaiokota, akaipangusa.

"Kofia yako, afande."

"Asante. Endelea."

"Vua kofia!"

Ikashuka tena. Mara ya tatu Haverlock aliing'ang'ania kwa mikono miwili. Kofia ikamvuta, ikamzungusha meza, ikamsimamisha upande wa washtakiwa, bega kwa bega na Morwenna. Karani akageuza faili ili kapteni asome vizuri.

"Uzembe kazini," alisoma Haverlock, akitazama kiti chake kitupu. "Una la kusema?"

"Nililisema siku ile, afande. Mara mbili."

"Hatia. Avuliwe cheo."

Oddie akatoa mkasi, akakata nyuzi, ndoana ikadondoka.

Mchana iliamuliwa kwamba tatizo ni kofia. Ishonewe mkanda wa kidevu, mgumu, wa ngozi, kabla ya kesi nyingine ya Alhamisi. Oddie alishuka nayo chini, akatazama huku na huku, akampa Morwenna pamoja na sindano.

"Kwa nini mimi?"

"Wengine wote wana vyeo, binti."