Kengele ya Roho Haikutoka

Mkurugenzi wetu alilipenda sana neno "jamii mpya". Kituo chetu cha nyutroni, huku vilimani juu ya Budapest, kilikuwa cha wanafizikia watupu miaka yote. Sasa wafadhili wa Ulaya walitaka tufungue milango, tuwaingize watu wa makumbusho, wafinyanzi, wahunzi, yeyote mwenye kitu anachotaka kukiona ndani bila kukivunja. Kazi ya kuwatafuta akanitupia mimi. "Kinga," akaniita kwa jina, "mwaka huu niletee watu." Basi nikamletea Shangazi Piroska.

Alikuwa mpiga kengele wa kijiji kimoja cha mkoa wa Zala, na kengele alikuja nayo imefungwa kwa shuka, kaipakata njia nzima. Ilikuwa kengele ya roho, ile ndogo inayopigwa mtu anapofariki, ili walio shambani na jikoni wasimame wamwombee. Mwanamume hupigiwa mara tatu, mwanamke mara mbili. Ilikuwa na ufa, naye alitaka kujua ufa umefika wapi. Kaka yake Dezső, mgonjwa wa mapafu, ndiye aliyemsukuma aje. "Nenda," alimwambia, "wiki hii sifi."

Miale yetu ikipita kwenye shaba huiacha shaba yenyewe nayo ikitoa miale kwa muda, kisha hutulia. Siku chache tu. Tulipiga picha Jumanne, tukaifungia kengele kwenye chumba cha matofali ya risasi yanayozuia miale, tukamwambia Ijumaa ataondoka nayo.

Ijumaa ikafika, na Mjomba Kálmán, mkuu wa usalama wa miale, akaingia na kipimo chake. Sisi wadogo tulimwita Kufuli, maana hakuacha mlango wazi hata mara moja. Kipimo kilitakiwa kinyamaze. Kikalia kama panzi mia.

Kálmán akatoka, akafunga mlango.

"Kuna madini ya fedha kwenye kengele hii. Haitoki."

"Haiwezekani," nikasema. "Shangazi, si ulituambia ni shaba na bati?"

"Ndiyo, shaba na bati."

"Fedha hamna kabisa?"

"Hamna." Akafikiri kidogo. "Labda zile hereni."

"Hereni gani?"

"Za akina mama. Vita vilichukua kengele kubwa, wakaiyeyusha kutengeneza mizinga. Baada ya vita wakatengeneza hii, na kila mwanamke akatupa hereni zake kwenye chungu ili sauti iwe tamu. Bibi yangu alitupa za harusi yake."

"Na hukusema!"

"Mliniuliza madini, mwanangu. Zile si madini, ni hereni za bibi yangu."

Nilitaka kumfokea, nikajizuia. Nani kati yetu, na shahada zetu zote, angefikiria kumuuliza habari za hereni?

"Shaba imeshatulia," Kálmán akasema, macho yake chini. "Fedha haitulii upesi. Itakaa hapa mwaka, pengine zaidi."

"Mwaka? Kijana, unajua unachosema?" Kálmán ana miaka sitini. "Kaka yangu yuko kitandani!"

Hapo simu ya Shangazi Piroska ikalia. Alikuwa Ilonka, jirani anayemuuguza Dezső. Piroska alisikiliza, mkono mwingine umeshika ukuta. Tangu asubuhi hatambui mtu, Ilonka alisema. Kasisi ameshampaka mafuta. Kama unakuja na kengele, njoo sasa.

"Ilonka, usikate," Piroska akasema. Kisha akamgeukia Kálmán. "Kaka yangu amewapigia watu wa kijiji kile kengele maisha yake yote, mpaka mikono ilipomshinda nikaichukua mimi. Leo aondoke kimya kama mbwa aliyegongwa barabarani? Nipe kengele yangu."

"Siwezi, Shangazi. Ukitoka nayo getini, kituo kinafungwa na mimi naenda jela."

"Basi nimpigie humo humo. Simu ninayo."

Kálmán akanitazama. Mgeni haruhusiwi kuingia chumba kile. Kálmán aliwahi kumrudisha mlangoni hata mkurugenzi mbele ya wageni wa Brussels, tukacheka wiki nzima. Lakini hilo halikuwa tatizo pekee, na la pili nililijua mimi peke yangu.

"Shangazi, picha imetoka," nikasema. "Ufa umepanda mpaka begani, karibu na juu kabisa. Ukiipiga, inaweza kupasuka. Hakuna fundi atakayeiunga, maana hakuna fundi atakayeruhusiwa kuigusa."

Simu ilikuwa wazi. Tulimsikia Dezső akivuta pumzi, ndefu, yenye kukwaruza, halafu kimya, halafu nyingine.

"Fungua," Piroska akasema.

Kálmán akatoa funguo mfukoni. Alimbandika kipima miale kifuani, akafungua, akamsimamisha nyuma ya ukuta mfupi wa matofali. Kengele aliining'iniza mwenyewe kwenye ndoano. Kisha akampa koleo letu refu la kushikia vitu vya hatari, akalifunga kitambaa nchani. Mimi nilibaki mlangoni na simu, mtandao unapofika.

"Ilonka, mwekee sikioni," nikasema.

Piroska akapiga. Sauti ilikuwa ndogo na safi, ikatanda hadi kwenye korido. Akangoja ififie yote, ndivyo wanavyofanya kwao. Kwenye simu pumzi ilikwaruza tena. Akapiga mara ya pili, nami nikamwomba Mungu, mimi nisiyeomba, ishike mara moja zaidi tu.

Ya tatu ilitoka kama sufuria iliyoanguka. Ufa ulipita toka mdomo hadi juu, tukauona kwa macho.

Kwenye simu Ilonka akasema, "Ameondoka, Piroska. Ya tatu aliisikia. Alifumba macho mwenyewe."

"Ya tatu ilikuwa mbaya," Piroska akasema.

"Aliisikia."

Mkurugenzi alipita kwenye korido akaniuliza kama yule mama wa kijijini amefurahi, maana ripoti inaandikwa. Nilimwambia aondoke mbele yangu. Akaondoka.

Piroska alimrudishia Kálmán koleo, akavua kipima miale, akakunja shuka lake tupu taratibu, pembe kwa pembe.

"Na mimi," akamuuliza, "siku yangu ikifika, mtanipigia nini?"

Kálmán alikuwa ameshika funguo, na hakufunga mlango.