Hamira Yenye Njaa

Watu wa maabara walimwita Mkasi, na jina lilimkaa. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja: kutafuta introni katika jeni za hamira. Introni ni kile kipande kilichojipachika katikati ya jeni bila kualikwa. Jeni ikishanakiliwa, seli hukikata kipande hicho kutoka kwenye nakala, huunga ncha mbili zilizobaki, na maisha yanaendelea. Hamira haina introni nyingi, na Mkasi alijua kila moja inapoanzia na inapoishia kuliko alivyojua siku za kuzaliwa za wanawe. Asichokijua, wala hakuna aliyekijua, ni kwa nini hamira haijaitupilia mbali introni ya jeni moja sugu, ikiwa kazi yake ni kukatwa tu. Profesa alikuwa ameahidi kwamba atakayelieleza hilo, jina lake ndilo litakalotangulia kwenye makala. Mkasi alishaliona jina lake hapo mbele.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wa mke wake, katoka masomoni na hana kazi. Mke alimsihi Mkasi amwombee nafasi, naye kwa mdomo wake mwenyewe akamsifia binti huyo kwa Profesa. Tangu hapo hakuwa na raha. Kazini anasikia shemeji ana akili, shemeji ana bidii. Akirudi nyumbani anayasikia hayohayo kwa mkewe, na shemeji mwenyewe yupo, wanakula meza moja, anamtania kwamba mbona kanuna, au leo jeni zimemgombeza? Watoto wanaangua kicheko. Yeye anatafuna. Wivu ulimla hasa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Kila Jumatatu asubuhi mmoja wao hubandika ukutani picha ya kazi yake, na wenzake wanamchambua kama mchele. Zamu ya shemeji ilipofika, alibandika picha yenye mistari inayoonyesha urefu wa zile nakala. Nakala iliyokatwa introni ni fupi, na mstari wake hukaa chini. Isiyokatwa ni ndefu, hubaki juu. Kwa jeni ile sugu, siku zote watu waliona mstari wa chini. Wa shemeji ulikuwa juu, mnene, hauna hata haya. Alisema haelewi kwa nini.

Mkasi alielewa papo hapo, na roho yake ikafurahi furaha mbaya. Siku shemeji alipokuwa akiikuza hamira hiyo, mtoto wa Mkasi aliugua shuleni. Mkasi alijifanya ana shughuli nyingi, akamwomba shemeji amkimbize hospitali. Chupa ya hamira ikabaki inatikiswa kwenye mashine mpaka kesho yake. Mkasi alipita pale, akaiona, akanyamaza.

"Hiyo picha ni ya kutupa," alisema sasa, mbele ya wote. "Chupa ililala. Sukari iliisha yote. Hizo seli zilikuwa na njaa, hazina nguvu ya kukata chochote. Mtu makini haleti uchafu huu kwa Profesa."

Shemeji aliinamisha kichwa. Habari ya mtoto hakuitaja.

Profesa akavua miwani. "Hebu rudia. Zilikuwa na njaa?"

"Njaa kabisa," Mkasi akajibu, kwa raha zake.

Profesa akamuuliza shemeji kama jeni nyingine nazo hazikukatwa. Binti akaonyesha mistari ya pembeni: zote zilikatwa kama kawaida. Iliyobaki bila kukatwa ni ile moja tu.

"Basi nguvu zilikuwa nazo," Profesa akasema polepole. "Hii zimeiacha makusudi. Zikishiba zinaikata, zikiona njaa zinaibakiza. Introni hii ina kazi wakati wa njaa."

Laiti Mkasi angeuweka wivu kando dakika moja tu, angeliona mwenyewe. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, naye akalirusha kama jiwe. Akajaribu kusema kwamba hata yeye alikuwa anaelekea hapohapo. Mwenzake mmoja akamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba alikuwa ameiita picha hiyo uchafu.

Shemeji alilirudia jaribio, chupa moja imeshiba na nyingine ina njaa, na jibu likawa lilelile. Kisha akaiondoa introni ile kwenye jeni yenyewe. Hamira isiyo nayo ilistawi vizuri kwenye shibe, ila njaa ilipobana ikafa mapema kuliko wenzake. Makala ikaandikwa.

Siku ilipokamilika, shemeji aliileta mezani wakati wa chakula. Yule mtoto aliyekuwa mgonjwa alikuwa amesinzia mapajani mwake.

"Jina lako ni la pili, shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini. "Profesa alitaka akuweke kwenye shukrani tu, kule mwishoni. Nikamwambia hapana, wewe ndiye uliyesema njaa, na wewe ndiye uliyeniombea kazi. Nilimbembeleza sana."

Mkasi alitamani angeachwa hukohuko kwenye shukrani. Kushindwa na binti huyu angeweza kustahimili. Kuombewa naye kulimchoma mpaka ndani.

Mkewe alikuwa anatabasamu, anangoja. Mkasi akasema asante, macho kwenye sahani. Mkewe akamwambia arudie, mdogo wake hakusikia.