Fulana ya Jumatano

Matundu yalikuwa kumi na manne, yote mgongoni. Mama aliitandaza fulana ya kaka yangu Orville mezani, akapitisha kidole tundu moja baada ya jingine. Njumu za viatu zilikuwa zimetoboa sufu na kuacha damu.

"Jumapili anakanyagwa na wapinzani, hilo nalijua," akasema. "Lakini hii ni ya Jumatano, Hattie. Jumatano wanafanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe."

Ilikuwa mwaka 1906, Ohio. Orville alikuwa mtu mweusi wa kwanza mjini kwetu kulipwa kwa kucheza mpira, ule wetu wa Marekani wa kuukumbatia kifuani na kukimbia huku watu kumi na mmoja wanakuwinda. Tulijivuna naye hadi tukawachosha watu! Na Mama ndiye aliyeifulia timu nzima.

Orville aliporudi kutoka kiwandani akakuta fulana zote bado chafu kapuni.

"Mama, nakuomba, usiniharibie. Nikilalamika tu watanifukuza, na hawatamchukua mweusi mwingine. Acha nivumilie."

"Vumilia wewe. Mimi sifui."

Wafuaji wote wa mji walikuwa wanawake wa kanisa letu. Kufikia jioni kila mmoja alikuwa na habari. Timu ikalipitisha kapu lile nyumba saba, likarudi na tope lake. Orville hakusema na Mama siku mbili. Nami nilimlaumu Mama moyoni, nakiri. Niliona anamkatia mwanawe riziki na jina kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi nahodha, Bwana Rausch, akabisha hodi mlango wa mbele. Wazungu wenzake walizoea kumwita mama yangu "Keziah" tu, jina tupu, kama mtoto. Siku hiyo Rausch alivua kofia.

"Bi Tibbs, kesho tuna mechi. Tafadhali."

"Nani anamkanyaga mwanangu?"

Orville, aliyesimama nyuma yetu, akainamisha kichwa. Rausch akaizungusha kofia mikononi.

"Tuko watatu," akasema. "Mimi mmojawapo."

Mama akaenda uani, akarudi na beseni, sabuni na fulana ya Orville. "Zile nyingine nitafua mimi. Hii ni yako."

Orville alicheza miaka tisa baada ya hapo, na wengine wetu wakaja nyuma yake. Lakini mimi nikimkumbuka Mama, namwona siku ile: Rausch amekunja mikono ya shati, anasugua, majirani wamejaa uzioni na hakuna anayecheka. Alipomaliza akaikamua, akampa. Mama akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza mgongo.

"Haijatakata," akasema. "Rudia."