Neno la Kiema Kaburini

Kiema alifika mapema kwenye mazishi ya Ngui, gitaa lake likiwa ndani ya gunia la mbolea lililofuliwa, maana mkoba wake ulichanika zamani. Akakaa nyuma kabisa ya hema. Kulia angeweza kulia nyumbani kwake. Kilichomleta ni ahadi: wao wawili walikubaliana kwamba atakayebaki atampigia mwenzake gitaa udongo ukirudishwa.

Katika bendi yao, mdomo ulikuwa wa Ngui. Ndiye aliyeimba, ndiye aliyewataja watu ndani ya nyimbo, mwenye duka, mkwe wa mwenye duka, hata fundi wa baiskeli, na kila aliyetajwa alivimba kichwa wiki nzima. Kiema hakutaja mtu. Alikataa hata kuijaribu maikrofoni kwa kuhesabu moja, mbili. Huko Tala wapo waliodhani ni bubu. Kazi yake ilikuwa kumjibu Ngui kwa nyuzi, na alimjibu vizuri mpaka wafanyakazi wa viwanda vya Athi River wakacheza wakasahau kesho ni kazi.

Kisha Ngui akaugua, akaokoka akiwa kitandani, na kanisa likamchukua mzimamzima, pamoja na mazishi yake.

Musili, aliyekuwa akiendesha programu ya mazishi, alimwinamia Kiema. "Baba Winfred, hiyo ni gitaa?"

"Ni gitaa. Tulisikizana na Ngui."

"Mimi sina neno. Lakini kanisa iko na utaratibu yake. Nyimbo ya baa haiwezi pigwa hapa."

"Mimi siimbi. Ni nyuzi tu, haina maneno."

"Mzee, maneno yake kila mtu hapa anajua."

 Kiema akamtazama Kalondu, mjane wa Ngui, ambaye aliwapikia bendi nzima miaka na miaka. Kalondu aliliona gunia, akainamisha macho. Angefanya nini, naye aliuguziwa mume na haohao wa kanisa? Kiema hakumlaumu. Ila alijiona mjinga kuja na kile kigunia.

Kaburini, kwaya iliimba kwa kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Vijana wakashika sepetu. Udongo wa kwanza ulipoanguka, Kiema alitoa gitaa, na mzee mmoja wa kanisa akaweka kiganja juu ya nyuzi, polepole, kama anayemtuliza mtoto.

Mchungaji aliona. Hakuwa mtu mbaya. "Huyu ni rafiki yake," akasema. "Mpeni maikrofoni aseme neno."

Maikrofoni ikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa Kiema. Akaishika. Watu wakageuka, na wote walimtazama kwa huruma, jambo lililomzidishia uchungu.

"Ngui," akasema.

Sauti yake mwenyewe ilimtoka kwenye spika, nyembamba, ngeni. Alijua wimbo gani anautaka, na alijua mahali pake pa kuingia. Lakini pale yeye huingia Ngui akishamaliza kuimba mstari. Kiema akasubiri. Alisubiri kweli, mdomo wazi, kama alivyosubiri jukwaani maisha yake yote, na sepetu ziliendelea.

Musili akaitwaa maikrofoni kwa upole.

"Mzee amezidiwa," akawaambia watu. "Lakini amemuaga mwenzake."

Watu wakasema amina.